Fundi wa Makochi Atema Misumari

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka magoti yenu yaguse kitanda, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kuvuka chumba. Anayetaka kulia akalie ukumbini, amalize, kisha arudi na macho makavu, kwa sababu maneno yangu ya leo ni ya kusikilizwa, si ya kuliliwa. Dereva, mwanangu wa mwisho, zima hiyo simu, lori lako halitakimbia. Mwalimu, binti yangu, weka kalamu chini. Nakujua, ukishika kalamu unaanza kusahihisha. Wewe Mama Pacha, mkwe wangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Ingia, kaa hapo miguuni, na kama unaona aibu kukaa chumba kimoja na baba mkwe wako aliyelala, basi aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nikuite. Na wewe, Mkubwa, mumewe na mwanangu wa kwanza, kaa kwenye kile kiti cha mbao, mbele yangu, nikuone uso. Najua ni kigumu. Kaa hivyo hivyo.

Nimewaita kwa jambo moja, mengine yote ni mkia wake. Kesho asubuhi Mkubwa ana miadi hospitali, kipimo cha utumbo mpana, kile cha mpira wenye kamera, kile kile nilichofanyiwa mimi mambo yalipokuwa yamekwisha haribika. Leo mchana amekuja hapa, akasimama, akatazama dirisha badala ya kunitazama mimi, akasema, "Baba, ile ya kesho nitaisogeza mbele. Siwezi kukuacha katika hali hii." Nikamwangalia, nikaona nimenasa. Nikiendelea kuumwa hatakwenda kwa sababu naumwa, na nikifa hatakwenda kwa sababu nimekufa, maana yeye ndiye mkubwa wa nyumba, watu watajaa humu ndani, atapokea mikono ya pole, atakula na wageni asiwavunjie heshima, na miadi yenyewe mnajua ilivyopatikana, kwa kusubiri na kubembeleza. Kuishi kwangu kunamzuia na kufa kwangu kunamzuia. Tangu mchana nimelala hapa, ukuta upande huu, kabati upande ule, mbele yangu dirisha linalotazama ukuta wa jirani, nimeligeuza jambo hili kila upande, nikaona pa kutokea ni mahali pamoja tu, napo ni kusema. Kwa hiyo nasema.

Mnanijua, mimi si mtu wa maneno. Nimekula kwa kazi ya makochi tangu ndevu hazijaota, na fundi wa makochi ana mikono miwili tu, mmoja unavuta kitambaa kikaze, mwingine umeshika nyundo, basi ile misumari midogo inakaa mdomoni, na ulimi unaisukuma mmoja mmoja mpaka kwenye midomo, unachukua, unagonga, unachukua, unagonga. Mtu mwenye misumari mdomoni hajibu salamu. Mteja akiuliza lini, nasema "mm." Akiuliza kitambaa kinatosha, nasema "mm." Marehemu mama yenu alijua mm ya ndiyo na mm ya hapana na mm ya niache nifanye kazi, na Mwalimu, akiwa mtoto wa kukaa juu ya mafungu ya sponji na kuning'iniza miguu, akaurithi ujuzi huo akawa mdomo wangu. "Baba anasema kesho jioni." "Baba anasema springi zimekufa." Siku moja msumari ulinichoma ulimi nikaguna, yeye akamgeukia mteja akasema, "Baba amekubali kupunguza." Nikapunguza, ningefanyaje. Tulicheka sana siku ile, na wala sikujua kwamba tabia hiyo hiyo itakuja kukaa kitini pamoja nami mbele ya daktari.

Maana nilipoanza kuona damu, wanangu, sikumwambia mtu. Naitaja, Mama Pacha, usiinamishe kichwa. Damu, chooni, kwenye haja kubwa. Mara inaonekana, mara haionekani, na isipoonekana nasema imekwisha. Wazee wenzangu wanaokuja kukaa dukani, nilipogusia kwa mbali kama habari ya mtu mwingine, walisema hayo ni bawasiri, ni ugonjwa wa watu wa kukaa, tena fundi wa makochi asipopata bawasiri nani apate. Tukacheka. Nikaridhika, kwa sababu jina la ugonjwa usioua ni tamu kwa anayeogopa. Kisha choo kikabadilika, kikawa chembamba, kikawa cha kwenda na kurudi bila kuisha, nikaanza kufunga mkanda kwenye tundu jipya, ndipo Mwalimu akasema, baba, unapungua, twende hospitali.

Tukaenda. Chumba cha daktari kilikuwa kidogo kuliko hiki, meza, kitanda cha kupimia, pazia lililokosa pete mbili, na viti viwili upande wetu. Mwalimu akakaa kile cha karibu na daktari, kwa upendo, kama alivyozoea. Daktari akauliza, "Mzee, unapata choo vizuri?" Mimi nikamtazama binti yangu, niliyembeba mgongoni, niliyemfundisha kwamba mambo ya chooni hayasemwi mbele ya watu. Nikasema mm. Naye akatafsiri, "Anapata vizuri, daktari, ni gesi tu inamsumbua." Akauliza kama kuna maumivu. Mm. "Kidogo tu, akila maharage." Nikatoka pale na vidonge vya gesi, na ule ugonjwa wangu nikatoka nao vile vile, haujaguswa. Nilikuwa nimekaa mbele ya mtu anayeweza kunisaidia, mlango umefungwa, muda wake ni wangu, na sikuweza kufungua kinywa. Sijawahi kuingia gerezani, lakini nadhani ni vile. Tukarudi mara ya pili, ikawa yale yale. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nina watoto watatu, nikadhani methali hiyo imekwisha kunipita.

Mwalimu, usilie. Si kosa lako. Ulikuwa unanisemea kwa sababu nilikuzoesha, na hakuna mtoto anayemwambia baba yake, baba, jisemee mwenyewe. Aliyesema hivyo ni yule daktari wa tatu, yule binti mdogo mwenye miwani, aliyekuambia kwa adabu, "Mwalimu, naomba utusubiri nje kidogo, mimi na mzee tuna mazungumzo yetu." Mlango ulipofungwa akavuta kiti chake akaja upande wangu, akauliza kwa maneno ya wazi, kuna damu, ya rangi gani, tangu lini, kuna mtu wa ukoo aliyeumwa utumbo. Nikamwambia yote. Nilitema, nikatema, kama mtu anayetema misumari baada ya kazi ya siku nzima. Na unajua, Mkubwa, yule binti hakushtuka. Hakukunja pua. Aliandika kama vile nimemwambia kiti changu kimelegea mguu. Ile aibu niliyoibeba muda wote ule ilikuwa yangu peke yangu, mwenzangu hakuwa nayo hata chembe. Nikajiona mjinga, nikajiona pia mwepesi, na nikalala usingizi siku ile.

Nipeni maji. Kidogo tu. Haya.

Sasa nakuja kwenye ugomvi wa nyumba hii, maana sitaki kuuacha ukichacha. Mwalimu na Mama Pacha hamsalimiani, mnapitana kwenye korido kama paka wawili, na mnadhani sijui kwa sababu nimelala. Sababu ni uji. Kipimo kile alichoniandikia yule daktari wa miwani kinataka tumbo liwe safi kabisa, kwa hiyo kinaandaliwa nyumbani tangu siku moja kabla. Hospitali walimpa Mwalimu maelezo koridoni, Mwalimu akanipa mimi nusu nusu kwa aibu, na Mama Pacha hakuambiwa kitu, kwa kuwa nani angemwambia mkwe habari za tumbo la baba mkwe wake. Yeye aliona tu mzee amekunywa dawa, anakimbilia chooni, anatoka, anarudi, uso umemwiva, miguu inatetemeka. Kila mama anajua mtu wa kuharisha anapewa nini. Akanikorogea uji wa maziwa, mzito, akauleta kwa mikono miwili na kusema, "Baba, kunywa, utaanguka." Ningekataaje? Mkwe amekuletea bakuli kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka mwisho. Kesho yake daktari akaingiza mpira wake akaona uji, hakuona utumbo. Akasema rudini, tupange siku nyingine. Siku nyingine ikawa mashine imeharibika, kisha aliyeshika mashine yuko likizo, kisha mimi mwenyewe nikachoka, na ngoja ngoja huumiza matumbo, wanangu, wazee waliosema hivyo hawakuwa wakitania. Nilipofikishwa tena hospitali utumbo ulikuwa umeziba, wakanipasua, wakaniachia huu mfuko wa choo ubavuni, na saratani ilikuwa imekwisha fika kwenye ini.

Mwalimu alisema, "Uji wako ndio umemuua baba." Nilisikia, kuta za nyumba hii ni nyembamba. Sasa nasema mimi, ninayekufa, na hakuna mwenye haki ya kunipinga katika kifo changu: uji haukuniua. Mama Pacha alinipa alichokuwa nacho, na alichokosa ni kuambiwa. Mngemwambia kwa nini, angekaa mlangoni na fimbo asimruhusu hata mbu kunilisha. Mwalimu, inuka umshike mkono wifi yako. Si kwa ncha za vidole. Mshike. Nataka mkae hivyo mpaka nimalize, na mkono ukitoka jasho utoke.

Mali ni chache, nitazisema upesi. Nyumba ni ya wote watatu, na isiuzwe wakati pacha bado wanasoma. Cherehani kubwa ni ya Mwalimu, aliikalia kabla ya kujua kuandika. Anaweza kuikodisha kwa kaka yake lakini isitoke kwenye duka. Dereva achukue kiwanja cha nyuma, ajenge, apate pa kulala pengine zaidi ya kwenye lori. Duka na vifaa na jina la duka ni vya Mkubwa. Ninalo deni moja, na si la fedha. Mama mjane wa mtaa wa nyuma aliniletea kochi lake, nikalifungua chini, nikaona mbao zimeliwa, na likabaki vile vile, limewekwa miguu juu. Likamilishwe. Mtu asikae sakafuni kwa sababu mimi nimekufa.

Mkubwa, umesikia hapo nilivyosema, nikalifungua chini. Nilikufundisha hilo ukiwa na umri wa pacha. Kochi halijulikani kwa kitambaa. Mteja anakuletea kitambaa kizuri, kinang'aa, anakwambia kochi zima, nawe unaligeuza, unang'oa kile kitambaa cheusi cha chini, unatia taa ndani, ndipo unajua. Hujawahi kumwambia mteja, "Kwa macho naona liko sawa." Hata siku moja. Sasa niambie kwa nini mwili wako mwenyewe unautazama kitambaa tu.

Nitawaambia wengine anachojua yeye na ninachojua mimi. Kabla sijalala kitandani moja kwa moja, nilikuwa nakwenda dukani kukaa tu, kupunga hewa. Nikaona Mkubwa amekata sponji ya duara, nzito, yenye tundu katikati. Nikamuuliza kwa macho, akasema, ya mteja. Nimekata sponji maisha yangu yote. Najua ya kiti cha ofisi, najua ya kitanda cha mtoto, najua ya kiti cha magurudumu. Ile haikuwa ya mteja, kwa sababu mteja hakuja kuichukua, na kila nilipofika ilikuwa chini ya mwanangu, imevalishwa kitambaa chakavu ili isionekane. Nikamwita pembeni nikamuuliza kama anaona damu. Alikuwa na misumari mdomoni. Akasema mm. Hiyo mm naijua, ni yangu, nilimrithisha mimi bila kuandika wosia. Nikajua anaona.

Na ni wewe, Mkubwa, wewe, unayenimwagia mfuko huu kila asubuhi. Unafunga mlango, unavaa glavu, unaufungua, unausafisha, unanifuta kwa kitambaa cha uvuguvugu, mkono wako mwepesi kuliko wa muuguzi. Unauona ugonjwa huu ulivyo, unaunusa. Kisha unanawa, unashuka dukani, unakalia sponji yenye tundu. Nimekaa na hilo moyoni. Nakupenda, na nakuogopea, na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja, na sina nguvu ya kuvitenganisha. Labda unayo bawasiri kweli. Mungu ajalie iwe bawasiri, tutacheka, utaniletea hiyo sponji kaburini. Lakini bawasiri na saratani vinaweza kutoa damu ya rangi moja, na mwenye kuvitofautisha ni aliyetia taa ndani. Tena yule daktari aliniambia kwamba mara nyingi jambo hili huanza kama kijinyama kidogo kinachoota ukutani mwa utumbo, hakiumi, na wakikikuta mapema wanakikata pale pale ukiwa umelala, unaamka, mtu anakupeleka nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba, na ukuta wenyewe sitaujenga tena.

Kwa hiyo kesho unakwenda, na nawaeleza wote jinsi, kwa sauti, mkwe akiwepo, ili asibaki mtu wa kukosea kwa kutojua. Tangu asubuhi ya leo hajala, hilo nimelihakikisha, niliposikia anakwepa meza nikajua bado anasitasita, hajaamua kuacha kabisa, na hapo ndipo nilipopata matumaini. Asile kitu. Anakunywa maji, anakunywa chai ya rangi bila maziwa, supu iliyochujwa ikabaki maji yake tu, na juisi isiyo na nyama za tunda wala rangi nyekundu, maana nyekundu huko ndani inamdanganya daktari. Jioni hii anaanza ile dawa ya kusafisha tumbo, nusu. Nusu ya pili alfajiri, saa walizompangia, hata akiona tumbo limekwisha toka lote. Ni chungu, ni chumvi, inachefua. Aiweke kwenye baridi, ainywe polepole, atulie akichefuka, kisha aendelee. Choo cha ndani ni chake. Pacha watumie cha nje na mtu asimgongee mlango. Mama Pacha, atakapotoka amejikunja na macho yamezama, utataka kumpa kitu. Moyo utakuuma. Usimpe. Mpe maji, mpe mkono.

Na ile dawa ya kuongeza damu aliyokuwa akinywa kwa siri, ile aliyonunua duka la dawa bila kuandikiwa, nimeiona mfukoni mwa koti lake. Nashukuru Mwalimu, nilipomtuma, alipiga simu hospitali wiki iliyopita akaulizia dawa hizo, wakasema Mkubwa aache, nami nikamwona akiacha. Lakini kesho uitaje tena, Mkubwa, wewe mwenyewe. Taja kila kidonge, hata cha maumivu ya kichwa, hata majani uliyochemshiwa. Mwambie daktari kwamba baba yako ana saratani ya utumbo na kwamba babu yako alikufa kwa tumbo. Sisi tuliambiwa "tumbo," neno likaishia hapo, tukazika, na hakuna aliyeuliza tumbo lipi. Muulize naye maswali, kuuliza si ujinga. Muulize, "Utatafuta nini, ukiona kijinyama utakitoa, nikiamka nitasikia nini, majibu ya hicho kijinyama yatachukua muda gani, nirudi lini tena hata kama utumbo uko safi?" Asipokuelewesha, mwambie rudia. Yule ni mtu, atarudia. Dereva utamsubiri mpaka atoke, kwa sababu wanachoma sindano ya usingizi, na mtu wa sindano hiyo hashiki usukani wala haendi dukani kushika mkasi wa umeme siku hiyo. Mwalimu, wewe utakwenda mpaka mlango wa daktari, na mlangoni utabaki. Itakuwia vigumu. Baki.

Na ninyi wawili wengine, msidhani mko nje ya maneno haya. Daktari alisema watoto wote wa mgonjwa waende wakazungumze naye lini waanze kupimwa, wasingoje kuumwa. Mkubwa anatangulia kwa sababu ameona damu. Kisha mnafuata.

Ngojeni. Ngojeni nipumue. Nigeuzeni kidogo upande wa ukuta... hapo. Ahsante, Dereva.

Sasa hili la mwisho, nalo ni amri. Nikifa usiku huu, Mkubwa atakunywa nusu ya pili alfajiri kama ilivyoandikwa, ataoga, ataondoka. Mtu asimzuie. Shangazi yenu akija akipiga kelele kwamba mtoto mkubwa amemwacha baba yake kitandani akaenda kuangaliwa tumbo, mwambieni ni mimi niliyesema, na akitaka kunigombeza nipo, nimelala, agombeze. Mlango huu ufungwe, watu wakae ukumbini, nisizikwe mpaka arudi. Maiti hana haraka. Maiti hana miadi. Aliye na miadi ni huyu. Usiseme "lakini baba," Mkubwa. Najua utaona umenitupa. Hujanitupa. Umenimwagia mfuko tangu walipouweka, na hakuna mwana aliyemshika baba yake zaidi kuliko hivyo. Sasa niache. Nataka uniache. Nimekwama humu, mwanangu, siwezi kutoka, na wewe ukikaa pembeni yangu tumekwama wawili.

Kuna wazee wanaofunga radhi zao kwa sharti, fanya hivi au nakulaani. Mimi sifungi. Radhi zangu mnazo wote, ukienda unazo, usipokwenda unazo. Kwa hiyo sikukamati kwa laana. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Sema basi. Kile utakachomwambia daktari, kiseme hapa, mbele ya mkeo, mbele ya dada yako. Mtazame mkeo, usinitazame mimi... Hapana. Hiyo mm si jibu. Hiyo najua mwenyewe kuisema... Fungua mdomo.

Sikusikii vizuri. Masikio nayo yanakwenda. Tena.

Tangu lini? ...Sema tangu lini.

Ee.

Umesikia, Mama Pacha? Hakukuambia kwa sababu anakupenda vibaya, kama nilivyompenda mama yenu vibaya. Mwache alie. Mwalimu, usimsemee... mwache amalize mwenyewe. Na maumivu? ...Na kupungua? ...Haya. Umeona hakuna aliyekukunjia pua.

Mungu akutangulie, Mkubwa, akutie nuru huko ndani mahali macho yetu hayafiki. Mwalimu, Mungu akupe watoto wa darasani wanaokujibu kwa sauti. Dereva... barabara ikupishe. Mama Pacha, mkwe wangu... binti yangu... mikono yako ibarikiwe, ile miwili. Mshikane. Msiachiane mkono kwa sababu yangu.

Jua limeondoka kwenye ukuta wa jirani, saa ya jioni imefika. Leteni ile dawa, mmiminieni hapa, nione akianza... Taratibu. Ichukue taratibu... Ndiyo, ni chungu.

Kesho mkirudi mkanikuta, mtaniambia wameona nini. Mkirudi msinikute... ingieni humu hivyo hivyo, wote, kabla hamjanifunika uso... Mkubwa aniambie. Si Mwalimu. Yeye mwenyewe... kwa sauti.

Kunywa, Mkubwa, kunywa, baba. Bado imebaki.